Mbona Kuku Hawalii

Mwalimu Selestina alistaafu kufundisha sayansi, lakini sayansi yenyewe haikustaafu kumsumbua. Wenzake waliporudi majumbani kulima, kufuga, au kukaa kibarazani kutazama malori ya kwenda Iringa, yeye alianzisha jarida la watoto. Aliliita Mbona, kwa sababu ndilo neno alilosikia kuliko yote katika ualimu wake. Mbona mwezi unatufuata? Mbona kitunguu kinaliza? Mbona mwalimu akipiga chafya anafumba macho? Jarida aliliandika mwenyewe, akalichora mwenyewe, akalipeleka Kilosa kudurufiwa mwenyewe, na kwa muda mrefu, tuseme ukweli, akalisoma mwenyewe.

Si kwamba hakuwa na elimu. Elimu alikuwa nayo ya kumwagika. Wala si kwamba hakujua kusimulia, maana ukimkuta sokoni Mikumi akieleza kwa nini nyanya inaoza, utasahau nyanya ulizokuja kununua. Tatizo lilianza pale aliposhika kalamu. Hapo alikaza shingo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na Kiswahili chake chote kikavaa tai. Makala yake kuhusu haragwe kuota ilianzia kuumbwa kwa udongo, ikapitia kwa wataalamu wa nchi za mbali, ikasalimia kila mmoja kwa jina na cheo, na haragwe lenyewe likaota ukurasa wa mwisho, wakati msomaji amekwisha kulala.

Na kulala hapa si lugha ya mafumbo. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, Lukasi, ambaye Selestina alimfundisha akiwa bado anavaa kaptula, alipelekewa toleo la kwanza akaahidi kulisoma lote. Alikutwa ofisini mchana ameegemeza shavu juu ya jarida, na alipoamka wanafunzi waliona neno "usanisinuru" limejichapa usoni pake kinyumenyume, maana wino wa Kilosa hauna haraka ya kukauka. Alitembea nalo mpaka jioni bila mtu kuthubutu kumwambia.

Lukasi hakuwa na ubavu wa kumkatalia mwalimu wake. Kila Selestina alipoomba jarida liwekwe kwenye kabati la vitabu vya shule, alimwamkia shikamoo mara mbili, akamwambia kwamba yeye angependa sana, ila mambo ya vitabu yanaamuliwa wilayani, na wilayani wana mambo mengi. Selestina aliitikia marahaba, akarudi nyumbani na mzigo wake. Majarida yakajaa sebuleni mpaka wageni wakawa wanayakalia. Alichokitaka mama yule kilikuwa kidogo tu, na kilimuuma kila alipoyatazama yale marundo. Alitaka mtoto mmoja, hata awe mmoja tu, aje mlangoni kuuliza toleo linalofuata.

Badala ya mtoto akaja mtani.

Yusrah alikuwa muuza karanga wa stendi ya Mikumi, mzaliwa wa Magole, Mnyamwezi ambaye babu yake alikuja upande wa Kilosa kukata mkonge akanogewa. Selestina ni Msagara wa milimani. Wanyamwezi na Wasagara ni watani, na anayejua utani anajua kwamba mtani hapigi hodi. Akikuta kuku wako anazubaa anamchukua. Akikuta chakula chako kimeiva anakaa. Ukinuna umevunja mila, na kwa kununa huko utadaiwa mbuzi, ukoo mzima ukisikia.

Siku hiyo Selestina alikuwa jikoni anasonga ugali. Yusrah akaingia sebuleni, akazunguka marundo yale kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Mtani," akaita, "hizi karatasi unazifuga?"

Selestina akamjibu kutoka jikoni kwamba azichukue azitakazo, huenda ukoo wao ukapata msomi, maana babu yao alikuja kukata mkonge wa msimu mmoja na mpaka leo hajamaliza. Yusrah naye akasema watu wa milimani ni vigumu kujibizana nao, kwani hata wakiwa kwenye tambarare wanatembea kama wanapanda. Basi wakacheka. Selestina alipotoka na mwiko wake mkononi, sebule ilikuwa nyeupe, haina hata karatasi moja. Alifurahi kidogo, akidhani Yusrah atawagawia abiria wa mabasi, na sayansi itafika mpaka Tunduma.

Kesho yake akapita stendi. Akanunua karanga, akazimimina mkononi, akafungua ile karatasi iliyosokotwa. Ndani yake palikuwa na moyo wa binadamu, alioumia macho kuuchora, umejaa mafuta, na mshipa mmoja umekatwa kwa kisu.

Alisimama pale stendi, hasira ikampanda mpaka kwenye kilemba. Lakini angefanya nini? Yusrah alimtazama kwa tabasamu pana, akingoja tu anune apate mbuzi. Selestina alitafuna karanga zake kimyakimya, akasema zimekaangwa vizuri, akaondoka zake. Njia nzima alimsema Yusrah, na babu wa Yusrah, na mkonge wenyewe. Usiku ule alilia, na sioni aibu kulisema, kwa sababu kazi ya mtu ni kazi ya mtu.

Siku chache baadaye, wakati wa kutoka shule, akasikia hodi mlangoni. Alikuwa Lightness, binti wa darasa la sita ambaye shuleni walimu walimkimbia kwa maswali, na nyuma yake kundi la wenzake wakisukumana.

"Shikamoo, bibi mwalimu."

"Marahaba. Mmetumwa na nani?"

Hawakutumwa na mtu. Lightness alitoa mfukoni kipande cha karatasi kinachong'aa kwa mafuta, akakinyoosha kwenye paja, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Buibui jike wa aina hii, mara tu baada ya harusi, humgeukia dume na." Akainua macho. Karatasi ilikuwa imeishia hapo. Akamuuliza humgeukia dume na nini, kwa sababu darasa zima halijasikiliza hesabu tangu asubuhi.

"Na kumla," Selestina akasema.

Wale watoto walipiga kelele kama wamemwagiwa maji. Wavulana wakarudi nyuma hatua kadhaa kutoka kwa wasichana. Mmoja akauliza kama dume anajua kabla ya harusi. Mwingine akauliza nani anafungisha ndoa hiyo. Walikaa mpaka kuku wakaingia bandani, na walipoondoka kila mmoja aliapa kununua karanga asubuhi.

Selestina alibaki mlangoni ameshika kitasa. Makala ile ya buibui ilikuwa na kurasa nyingi sana za utangulizi, na harusi ilikuja mwishoni kabisa, mahali ambapo hapajawahi kufikiwa na mtu. Yusrah, kwa kisu chake cha kukatia karatasi, alikuwa ameukata utangulizi. Jambo hilo lilimfurahisha Selestina na kumtia uchungu kwa wakati mmoja, na hakujua aanze na lipi, kwa hiyo akaenda kulala.

Kuanzia hapo shule ikaingiwa na wazimu wa karanga. Watoto walizinunua wakitafuta mwendelezo. Walibadilishana vipande wakati wa mapumziko, nusu ya nge kwa robo ya mwezi, na aliyepata mkia wa nyangumi alitembea siku hiyo kama mtoto wa diwani. Lukasi alipoona vichwa vimeinama chini ya madawati alidhani ni simu. Alipokuta ni karatasi za karanga, na kwamba wanasoma, na kwamba wanasoma Mbona, alikaa chini akajishika shavu lile lile.

Akampigia mtu wa wilayani. Huyo alikuwa Bwana Beda, kijana wa suti aliyeshughulikia vitabu vya shule, na ikapangwa siku aje kutoka Kilosa alione jarida na wasomaji wake. Lukasi alimweleza mwalimu wake bila kuficha. Bwana Beda akisema ndiyo, Mbona litaingia kwenye makabati ya shule kuanzia Kidete mpaka Mikumi. Akisema hapana, basi ni hapana, na karatasi za karanga nazo zitapigwa marufuku, maana madarasa yamejaa maganda na mafuta. Selestina alisema ameelewa. Akarudi nyumbani kuandaa hotuba, na hotuba hiyo, kwa mazoea yake, ikawa na utangulizi.

Watoto nao hawakulala. Lightness aliamua mgeni aonyeshwe sayansi yenyewe, si kusomewa, na bibi mwalimu afanyiwe siri ili afurahi. Kipande walikuwa nacho. Kilihusu namna ya kumzuia tembo asiingie shambani bila kumdhuru, na jambo hilo kwa Mikumi si hadithi, kwa sababu msimu huo tembo walikuwa wamelitembelea shamba la mahindi la shule na kuacha, kama shukrani, samadi tele. Kipande kilieleza: twanga pilipili kichaa zilizokauka, changanya na samadi ya tembo na maji, fyatua tofali, lianike mpaka likauke, kisha liwashe lifuke moshi taratibu. Tembo haistahimili harufu hiyo. Mstari wa mwisho ulisema: "Muhimu kuliko yote ni." Baada ya hapo palikuwa na doa la mafuta na ukingo wa kisu.

Wangeweza kwenda kuuliza, lakini siri ni siri. Wakatafuta kwenye karanga, wakala mpaka matumbo yakauma, hawakukipata. Basi wakakaa kikao chini ya dirisha la darasa, wakajadiliana ni nini kinachoweza kuwa muhimu kuliko yote. Jibu halikuwa gumu kwa mtoto yeyote aliyesoma katika shule zetu, ambako limeandikwa ukutani, mlangoni, chooni, na linasemwa kila asubuhi mstarini. Muhimu kuliko yote ni usafi.

Kwa hiyo siku ya mgeni walinawa mikono kwa sabuni. Walifagia uwanja mpaka udongo ukalalamika. Walifua mashati. Kinu cha kutwangia pilipili walikisuuza, wakamwaga mabaki yake mengi mekundu nyuma ya darasa. Kisha wakachukua matofali yao, makubwa kuliko ya kujengea, wakayapanga mahali palipofagiliwa vizuri kuliko pote, jirani na turubai la wageni, upande ule upepo wa milimani unakotokea. Lightness akayawasha.

Chini ya turubai Selestina alikuwa amesimama amevaa gauni la Pasaka. Bwana Beda alikaa katikati, kalamu mkononi, uso wa mtu mwenye safari nyingine mbele. Selestina akafungua karatasi zake, akaanza kusoma kwamba hapo zamani, kabla binadamu hajaijua sayansi, na hata kabla ya hapo.

Bwana Beda akapiga chafya.

Wakamwambia afya. Akapiga nyingine. Lukasi akampokea kwa yake. Mjumbe wa kamati ya shule akasimama ili aseme kitu, akakisahau, akakaa pasipo kiti. Kisha moshi ukajitandaza chini ya turubai na kila mtu akapata fungu lake. Wazee waliokuja kwa ajili ya soda walilia kama wamefiwa. Mama mmoja alijifunika khanga akatoka mbio akagonga nguzo, turubai likaelemea upande mmoja, na Lukasi akatambaa chini ya meza kuu akimwita mwalimu wake kwa sauti ya darasa la tatu. Ni Yusrah peke yake, aliyekuja na sinia la karanga kuuzia mkutano, aliyepata nguvu ya kusema. Alisema, katikati ya machozi, kwamba mazishi ya Wasagara siku hizi yanaanza na hotuba.

Selestina alinusa mara moja tu akajua. Ile ilikuwa pilipili yake, samadi yake, makala yake. Aibu ilimwingia mpaka miguuni, akatamani mlima wa kwao umwangukie. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na nusu ya pili kichwani. Akalowesha kidole mdomoni, akakiinua juu, akawapigia watu kelele wamfuate, akawazungusha wote mpaka nyuma ya yale matofali, mahali ambapo moshi ulikuwa unawapa mgongo.

"Muhimu kuliko yote," akamwambia Lightness, akipangusa macho, "ni kujua upepo unaelekea wapi."

"Sisi tulifagia," Lightness akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa moyo, si kwa moshi.

Bwana Beda alikuja amefura. Kope nyekundu, tai begani, kalamu haijulikani ilipo. Akauliza ni nani aliyewafundisha watoto jambo hili. Selestina angeweza kumtazama Yusrah, na kisu chake, na mkonge. Hakumtazama. Alisema ni yeye aliyeandika, na kama kuna makosa ni yake. Lukasi akainua mkono kuanza kusema kwamba basi, kwa mazingira haya, itabidi jarida hili. Hakumaliza, kwa kuwa Bwana Beda alikuwa amegeuka na kutazama nyuma ya darasa.

Kuku wa shule walikuwa pale. Wakati watu wazima wamejaa uwanjani wakipenga kamasi, kuku walikuwa wanadonoa yale mabaki mekundu ya kinu, pilipili kichaa tupu, mbegu na maganda, kwa utulivu kabisa, kama wamewekewa mtama. Jogoo akameza moja nzima, akapangusa mdomo ardhini, akatafuta nyingine.

Bwana Beda aliwatazama kwa muda. Hasira ilikuwa bado ipo usoni, lakini kuna kitu kingine kilichokuwa kinaisukuma pembeni.

"Mwalimu," akasema, "mbona kuku hawalii?"

Lightness alimvuta Selestina gauni, akamnong'oneza kwamba mgeni amesema mbona.

Selestina akavuta pumzi. Utangulizi ulikuja wenyewe, tayari umevaa tai, na ulikuwa mrefu na mzuri, ukianzia pale ndege wa kwanza alipotokea duniani. Akafungua mdomo. Akaona macho ya watoto, yamevimba yote, yote yanamngoja. Akauacha utangulizi upite.

"Ndege hausikii ule ukali," akasema. "Sisi tukila pilipili tunatafuna mbegu, tunaziua. Ndege anazimeza nzima, anakwenda kuzidondosha mbali, zinaota. Kwa hiyo pilipili inawachoma wanaoiharibu, na anayeisafirisha inamwacha ale kwa raha. Pilipili huchagua mgeni wake, Bwana Beda. Leo wewe hukualikwa."

Akaishia hapo. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na yeye mwenyewe alibaki anashangaa mwisho umefikaje haraka hivyo. Bwana Beda alitazama jogoo, akatazama matofali, akaanza kucheka, na kwa kuwa bado alikuwa anapiga chafya, kicheko chenyewe kilitoka vipandevipande. Watoto nao wakacheka, Lukasi akacheka baada ya kuhakikisha kwanza kwamba inaruhusiwa.

Lakini hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Aliomba nakala ya jarida akaisome njiani kurudi Kilosa. Selestina akaona aibu ya mwisho imebaki, kwa maana nakala hazikuwepo. Zote zilikuwa kwa mtani. Yusrah akasogea na sinia, akamjazia mgeni karanga mapajani mle garini, karatasi juu ya karatasi, mpaka gari likaondoka likinukia kama banda la mkaanga karanga.

Wiki ikapita kimya. Selestina hakula vizuri. Alikaa akijiambia kwamba mtu aliyelizwa mbele ya kamati ya shule hawezi kusema ndiyo, na hata yeye asingesema. Alichokifanya, ili mikono isikae bure, ni kuandika toleo jipya. Kila makala aliipima juu ya karatasi ya karanga. Isipoenea humo, aliikata kuanzia mwanzo.

Jioni moja Yusrah alikuwa amekaa sebuleni kwake bila hodi, anadai kuku, kwa kuwa yeye sasa ni mhariri. Simu ikalia. Alikuwa Bwana Beda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba."

Akamwambia amezungumza na wenzake, na Mbona litapokelewa shuleni, kuanzia Kidete mpaka Mikumi, mradi makala zibaki fupi, na mradi maelekezo ya moto yasikatwe. Selestina alikaa juu ya ugali wa watu, maana hakuona sahani ilipowekwa. Machozi yalimtoka, na hapakuwa na pilipili. Akashukuru, akashukuru tena, akangoja simu ikatwe. Haikukatwa. Upande wa pili kijana alikuwa anakohoa kikohozi cha mtu asiyekohoa.

"Mwalimu, kuna kipande kimoja," akasema, sauti imeshuka. "Kinasema buibui jike, mara tu baada ya harusi, humgeukia dume na. Basi, kimeishia hapo. Humgeukia na nini? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe natarajia kuoa mwezi ujao."

Katika ualimu wake wote Selestina hakuwahi kuliacha swali la mtu likilala njaa. Akamtazama Yusrah. Yusrah alikuwa ameacha kudai kuku, amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika.

"Nunua karanga, mwanangu," Selestina akasema, akakata simu.